Kijana Aliyeitwa Ndiyo

Mjomba wangu, kitinda mimba wa nyanya, aliuza robo ekari ya shamba kwa redio moja na magunia mawili ya mahindi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tumeenda ushago likizo ya Agosti, kwa hivyo redio yenyewe naikumbuka: nyeusi, mkono wake umefungwa kwa waya wa umeme, na ukitaka kubadilisha stesheni sharti uishike kwa kidole gumba isiteleze. Alikuja nayo begani, sauti juu, akicheka tangu kwenye njia ya ng'ombe.

Mjomba alikuwa mtu mzima aliyevuka thelathini, mwenye nguvu, fundi wa kupasua kuni na kuita kuku. Kusoma hakusoma. Pesa alizijua kama kitu cha kupewa na kutoa, hesabu yake hakuipata. Asubuhi ile jirani alimchukua, akamnunulia chai na mandazi, akampeleka mbele ya bodi ya ardhi. Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967 haikubali shamba libadilishe mikono kabla bodi haijaridhia, na mwenye shamba husimama pale mbele aulizwe kama amekubali. Mjomba aliulizwa, akasema ndiyo. Akaulizwa kama watu wa nyumbani wanajua, akasema ndiyo. Kidole kikapakwa wino.

Nyanya alimkalisha kwenye kigoda jioni ile. Nilikuwa mlangoni nikichambua mboga.

"Ulijua ni shamba letu?"

"Ndiyo, mama."

"Ulijua wanalichukua?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona ukakubali, mwanangu?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Waliuliza vizuri."

Nimeishi na maneno hayo mawili zaidi ya miaka ishirini. Nimeyabeba kwenye matatu za Jogoo Road, nimeyabeba kazini, nimelala nayo. Mwaka juzi niliyaandikia filamu.

Ni filamu ndogo. Dakika hamsini na mbili, siku saba za kurekodi, watu tisa pamoja na dereva, na shilingi 230,000 tulizochanga sisi wenyewe na chama cha dada zangu. Nusu ya pesa ilikwenda kwa kukodi kamera na taa, iliyobaki ikawa nauli, leseni, chakula na mafuta ya jenereta. Mama mmoja wa kibanda hapa Umoja alitupikia chapati na maharagwe siku zote saba, akakubali tumlipe mwisho wa wiki. Nairobi ina shule ya watu waliojifunza kutengeneza filamu kwa mfuko mwepesi. Kina kaka wa River Road walikuwa wakirekodi na kuuza hadithi zao kwenye kanda na diski kabla wengi wetu hatujagusa kamera, na mwelekezi wetu alianzia huko huko kwa kubeba nyaya.

Shamba niliacha ushago. Hadithi niliileta Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kwa sababu ndiko ninakoishi, na kwa sababu nimewaona hapa kina mjomba wengi, wadogo zaidi, wakizunguka kwenye ploti. Mhusika wetu ana miaka kumi na sita. Mama yake humwita "baba", maana amerithi jina la babu. Mtaa umempa jina lingine. Wanamwita Ndiyo, kwa sababu ukimwambia shika hii anashika, ukimwambia peleka pale anapeleka. Vijana wawili wakubwa wanamnunulia chipsi na soda, wanamwita "mkubwa", kisha wanampa begi alihifadhi chini ya kitanda. Ndani mna vioo vya pembeni vya magari, vile vinavyong'olewa usiku watu wakilala. Wao wanatoweka. Polisi wanakuja. Anaulizwa, "Ni wewe uliiba?" Na anajibu analojibu siku zote.

Hadithi yote ni hiyo. Mtu akiniuliza ni filamu ya nini, simwambii ni ya ulemavu. Namwambia ni ya neno moja, na watu wanaojua kulivuna.

Kumpata wa kuigiza kulituchukua miezi miwili. Mwanzoni tuliita waigizaji, vijana wazuri wenye vipaji, wengine wamepitia tamasha za kitaifa za drama tangu shule ya msingi. Walikuja sita. Wote sita, bila kuambizana, walipoanza kuigiza walipinda mdomo, wakakunja vidole, wakatikisa kichwa na kuvuta maneno. Mmoja alidondosha mate. Mjomba wangu hakuwahi kupinda chochote. Ungekutana naye njiani ungemwona mwanamume nadhifu mwenye salamu ndefu. Shida yake haikuonekana usoni, na ndiyo maana haikumlinda. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo hata sikujua pa kuielekeza, kwa sababu vijana wale hawakuwa wabaya. Walikuwa wakicheza walichofundishwa na vichekesho vyetu vyote, ambako mtu wa akili nzito huingia jukwaani amevaa suruali fupi ili tucheke.

Kijana wetu tulimpata soko la Mutindwa. Mama yake anauza sukuma, kunde na omena, naye alikuwa pembeni akimenya mbaazi, haraka kuliko yeyote kwenye mstari ule. Ana miaka kumi na sita kweli. Hasomi namba ya njia ya matatu, 35/60, iliyoandikwa kwenye kioo, lakini atakwambia ni matatu ipi inakuja kwa honi yake kabla haijapinda kona. Pesa anazijua kwa wanyama. Noti mpya zilipotoka mwaka 2019 mama yake aliona nafasi akaishika: kwenye elfu kuna ndovu, kwenye mia tano kuna simba, kwenye mia mbili kuna kifaru, kwenye mia kuna chui. Akamfundisha mnyama mmoja kila wiki. Leo mteja akimpa simba kwa mboga za kifaru, anajua chenji inatakiwa, hata kama kuihesabu anamwachia mama.

Tulipomweleza mama tunachotaka, alitusikiliza huku akifunga mafungu ya kunde. Kisha akasema kitu kilichonifanya niweke kalamu chini.

"Atakubali. Chochote mtakachomwambia atakubali. Hilo ndilo linaniogopesha, si kamera."

Alisaini fomu kama mzazi, kwa sababu kijana ni mtoto kisheria mpaka atimize miaka kumi na minane. Lakini sahihi ya mama ni ya mama. Yake yeye tungeipataje? Siku ya kwanza ya mazoezi nilimuuliza, "Umechoka?" Akasema ndiyo. Nikamuuliza, "Kwa hivyo huwezi kuendelea?" Ndiyo. "Ama unaweza?" Ndiyo. Alikuwa akinitazama usoni kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga kwenye matope, akitafuta jibu ninalolitaka ili anipe.

Nikaanza kusoma. Mwaka 1981 Carol Sigelman na watafiti wenzake wa Marekani waliandika juu ya jambo hili hili: watu wenye ulemavu wa akili wakiulizwa maswali ya ndiyo au hapana, wengi huegemea ndiyo, hata pale majibu mawili yanapopingana. Ukiwauliza kwa kuwapa viwili wachague, hasa ukiwa na picha, majibu yanakaribia zaidi ukweli wao. Nilisoma hayo usiku, stima imepotea, kwa mwanga wa simu, na nikamwona mjomba amesimama mbele ya ile meza. Kumbe hata wangekuwa watu wema wote waliokaa pale, lile swali lenyewe lilikuwa mtego.

Suluhisho lilitoka kwa mwelekezi. Mhusika huvaa kofia ya kahawia ya mtumba, tuliinunua Gikomba kwa shilingi hamsini. Tukamwambia kijana: kofia ikiwa kichwani, kamera inafanya kazi. Kofia ikitoka, kamera inalala, na hakuna atakayeuliza kwa nini. Tukajaribu naye mara nyingi. Alivaa, tukawasha. Akavua, tukazima. Akavaa, akavua, akavaa, akavua, mpaka akaanza kucheka kwa furaha ya kuona watu wazima tisa wakisimama na kukaa kwa kofia yake. Sidhani kama kuna siku aliwahi kuona hapana yake ikitii hivyo.

Hapa niseme kidogo juu ya shule, kwa sababu ndiyo hii inafundishwa huko. Mtu yeyote aliyesoma Kenya anaijua. Mwalimu anamaliza kuandika ubaoni, anageuka, anauliza, "Tumeelewana?" na darasa zima, hata walioachwa tangu mstari wa kwanza, linaimba, "Ndiyo mwalimu!" Kijana wetu aliimba hivyo miaka sita. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003 madarasa yalijaa, jambo jema ambalo sitaliharibia jina, lakini mwalimu mmoja mwenye watoto sabini hawezi kusikia ni ndiyo ipi iliyo tupu. Mama yake anasema alikuwa akipanda darasa na daftari safi. Safi kabisa, limeandikwa tarehe tu. Alikaa nyuma. Hakuna aliyemchapa wala kumtukana. Alikuwa mtoto asiyesumbua, na mtoto asiyesumbua huisha kama sabuni.

Vituo vya kuwapima watoto kama yeye vipo nchini tangu 1984, na KISE, chuo kinachofunza walimu wa elimu maalumu, kipo pale Kasarani tangu 1986. Mama aliambiwa habari hizo na mteja wa omena, mtoto akiwa tayari na miaka kumi na miwili. Kasarani si mbali na Mutindwa. Kilichokuwa mbali ni ile habari.

Kwenye mtaa tunawatia wote kapu moja: mzito, zuzu, kichwa maji. Mtoto ambaye herufi zinamruka lakini akili yake ni wembe, na mtoto ambaye kila kitu kinamfikia polepole, na mtoto asiyesikia vizuri ambaye hakuna aliyegundua, wote jina moja. Na makosa haya ni ya zamani. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka kumi na minne aitwaye Percy, mwerevu, mwepesi wa michezo, asiyeweza kusoma. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, Percy angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria watoto wetu wanaosoma "ba, be, bi, bo, bu" bila shida, maana Kiswahili hakikufichi kitu, kila herufi inatamkwa, kisha wakifika kwenye Kiingereza ambako herufi zilezile zinabadilika sauti bila kubisha hodi, wanaanguka, na mtihani unakuja kwa Kiingereza. Kijana wetu si Percy. Shida yake ni pana zaidi, na mama yake haifichi. Lakini Percy alinipa ruhusa ya kufanya jambo moja: skripti nzima tulimfundisha kwa masikio. Hakukuwa na karatasi. Mwelekezi alimsimulia kila onyesho kama hadithi ya usiku, naye akasimulia tena. Alichosahau tulikiacha. Mara nyingi alichosahau ndicho kilichokuwa kibovu.

Sasa niwaambie onyesho la vioo.

Fundi mmoja wa Kariobangi alituazima vioo kumi na kimoja, vingine vimepasuka, vingine bado na plastiki yake. Tulirekodi kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, cha kukodi kwa siku mbili, pazia la maua likigawa kitanda na jiko. Ni usiku, mama amelala nyuma ya pazia. Kwenye skripti niliandika mstari mmoja tu: anafungua begi, anaogopa, analifunga. Nilitaka hofu ili mtazamaji ajue kijana anajua ni vya wizi.

Kofia ilikuwa kichwani. Kamera ikawaka. Akavuta zipu, akatoa kioo cha kwanza, akajitazama. Akakilaza sakafuni. Akatoa cha pili, akakilaza pembeni ya cha kwanza, akakigeuza kidogo mpaka akajiona humo pia. Akaendelea hivyo bila haraka, kama anavyopanga mafungu ya nyanya kule sokoni, mpaka vyote kumi na kimoja vikawa nusu duara mbele ya magoti yake. Taa yetu moja iliyofungwa juu ya kabati ikagonga vioo, dari ya mabati ikajaa vipande vya mwanga vinavyotetemeka. Akazihesabu nyuso zake kwa kidole, akafika saba akapotea, akaanza upya. Akakutana na kile kilichopasuka. Akakipuliza, akakipangusa kwa mkono wa shati, akajaribu kuziba ule ufa kwa kidole gumba.

Mwelekezi hakusema kata. Wa maikrofoni mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa kuishika fimbo juu, hakuishusha. Dakika nne na nusu. Kwa filamu yenye pesa, dakika nne na nusu za kijana na vioo zingekatwa zikabaki sekunde ishirini, kwa sababu kuna mambo mengine mengi ya kuonyesha. Sisi hatukuwa na mambo mengine. Zimebaki zote.

Siku ya nne tulikuwa na kituo cha polisi. Kituo chenyewe ni ofisi ya kanisa tuliyoipaka rangi ya buluu hadi kiunoni, meza moja, daftari kubwa, benchi. Aliyeigiza polisi ni mzee wa jukwaa, ana sauti inayofika Thika bila spika, na nje ya kamera ni mtu mpole kupindukia. Alimletea kijana ndizi kila asubuhi. Tulimweleza kijana onyesho, tukalifanya polepole, akacheka. Kamera ilipowaka, mzee akaingia kazini. Akapiga meza. "Ni wewe uliiba?"

Kijana akamtazama. Akavua kofia. Akaiweka juu ya lile daftari, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akatoka nje akakaa chini ya muembe.

Ilikuwa saa kumi. Taa zilikuwa zirudishwe saa kumi na mbili. Kesho yake mzee alikuwa na kazi Mombasa, na bila onyesho hilo hatuna katikati ya filamu. Mwelekezi akanitazama. Wote wakanitazama, kwa sababu kijana ananiita anti na mimi ndiye humfunga kamba za viatu. Nami nilikuwa nimeshainuka. Nilikuwa nimeshavuka mlango. Nilikuwa na sentensi tamu mdomoni: "Kaka, mara moja tu, halafu nikununulie soda." Na nilijua kabisa angekubali. Angesema ndiyo, angevaa kofia, angerudi ndani akatetemeka mbele ya kamera, na ingekuwa picha nzuri sana.

Nilisimama pale kwenye ngazi za kanisa nikiwa nimeshika ile kofia, na nikasikia redio.

Sikumuuliza. Nilikaa naye chini ya muembe, hatukuongea. Alinionyesha siafu waliokuwa wakibeba bawa la nzi. Tulirudisha taa mapema, na jioni ile nilimpigia simu mama yangu nikalia, bila kuweza kumweleza vizuri kwa nini.

Onyesho la polisi halimo kwenye filamu. Kilicho ndani ni mlango wa ile ofisi umefungwa, umeganda sekunde arobaini, na kelele za mtaa. Na mahakama, ambayo tungeirekodi siku ya sita kwenye ukumbi wa kukodi, tukaamua tusiirekodi kabisa. Kamera inabaki kwa mama. Amechelewa kwa sababu alielekezwa chumba kisicho chenyewe. Anafika kesi imeanza, anakaa benchi la nje, sikio kwenye mlango. Sisi tunasikia anachosikia.

Wakili mmoja, rafiki wa mwelekezi, alitupitishia maneno ya mahakamani. Ndiye aliyenifundisha kesi ya Adan, ya mwaka 1973, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki na ambayo mahakimu wetu huifuata mpaka leo. Inasema ndiyo ya mshtakiwa haitoshi. Asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa, kila kiungo chake. Akikubali, yaandikwe maneno yake mwenyewe. Kisha upande wa mashtaka ueleze yaliyotokea, na apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaeleza. Ikionekana maelezo yake hayaendani na kukubali kwake, kukubali kunafutwa. Nilimwomba wakili arudie mara mbili. Majaji watatu, miaka ile yote, walikuwa wameandika dawa ya ugonjwa wa mjomba wangu. Tatizo ni kwamba dawa hiyo inahitaji muda, na nimekaa kwenye mahakama za jiji asubuhi za Jumatatu nikaona foleni.

Katika filamu, hakimu wetu ana muda. Nimeandika hivyo kwa makusudi, na waliosema ni ndoto nawakubalia. Nilitaka mtu mmoja katika hadithi yote aulize tofauti.

Sauti ya kijana tuliirekodi nyumbani kwao, jioni, sote watatu tumejifunika blanketi ili kelele za matatu zisiingie, kofia kichwani. Aliyesoma sehemu ya hakimu ni mama yake mwenyewe, baadaye tukaweka sauti ya mwigizaji juu yake. Akamuuliza kama amekubali shtaka. "Ndiyo." Kisha swali la pili, lile la hakimu mwenye muda.

"Hivi vioo ulivitoa kwenye gari gani?"

Jibu nililoandika mimi ni "Sijui." Tulikuwa tumelizoeza. Lakini mama yake ndiye aliyeuliza, polepole, kwa sauti ya nyumbani, na kijana akalifikiria swali lenyewe.

"Sikuvitoa kwenye gari," alisema. "Nilivitoa kwenye begi."

Kimya. Chini ya blanketi nilisikia mama yake akivuta pumzi. Kesi nzima imo humo. Mimi niliyesoma, mwenye shahada, nilimwandikia mtoto yule kutojua, kumbe anajua vizuri sana ametoa nini wapi. Alikuwa hajaulizwa.

Tuliionyesha kwa mara ya kwanza ukumbi wa kijamii wa Kaloleni, Jumamosi jioni, kwenye shuka jeupe. Ukumbi ule una historia yake, wanasiasa wa Kiafrika walikutana humo enzi za mkoloni, na bado mlango wake unaingia upepo wa majadiliano. Walikuja watu kama mia moja na ishirini: majirani, wachuuzi wa Mutindwa, mama wa chapati, akina mama watatu waliokuja na watoto wao wakakaa nyuma kabisa karibu na mlango, ili wakitakiwa kutoka watoke. Hakuna aliyewatoa. Mtoto wa mmoja wao aliimba sehemu kubwa ya filamu, na kwenye vioo akanyamaza.

Baadaye watu walisimama kuuliza. Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini mtaa umempa kijana jina baya na sisi tukaliacha liwe kwenye filamu. Ni swali la haki. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Nilikijua nilipokuwa naandika. Nilimjibu kwamba mama hamwiti hivyo hata mara moja, na nikamwona hajaridhika, nami sijaridhika. Mwanamke mwingine alisimama akasema ana ndugu, akashindwa kuendelea, akakaa. Aliyekaa kando yake akamshika mkono.

Mama wa kijana hakutaka kuzungumza mbele ya watu. Aliniambia pembeni kwamba tangu tumalize kurekodi, kijana amekuwa akiweka kofia mezani nyumbani asipotaka kwenda kuchota maji. Inamsumbua, alisema, maji yanatakiwa. Alikuwa anatabasamu mpaka machozi.

Kijana mwenyewe alikuwa amezungukwa. Watu walimpiga picha, wakamshika bega, wakamwita nyota. Nilikuwa nimeanza kwenda kumwokoa nikasikia mwanamume mmoja, amevaa koti zuri, akimuuliza kwa upole mkubwa kama angependa kucheza kwenye filamu nyingine, kubwa kuliko hii, yenye pesa.

Nilisimama nilipokuwa. Kijana alimtazama usoni kwa muda, kama anavyotutazama sote. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kofia, akaigeuza ndani nje, akaitazama. Akairudisha mfukoni.

"Nitakwambia Jumatatu," alisema.

Mwanamume yule akacheka, akasema sawa, ila hakuacha namba wala hakusema Jumatatu ipi. Tulianza kukunja viti. Vilikuwa vya kukodi, na mwenyewe alivitaka kabla ya saa nne.